Msiba wa Bi Mwamvua Kwenye Barafu

Jumatano asubuhi Mizani iliniletea sauti ilizoshindwa kuzielewa, kama kawaida yake, na ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayemtukana marehemu.

"Amekufa? Afadhali," alisema. "Alikuwa anatembea kama bata aliyemeza jiwe. Na sasa nani atamchimbia kaburi kwenye barafu yote hiyo? Sisi? Sisi hatuchimbi. Mtoeni tu humo kitabuni, anatubania nafasi."

Nyuma yake watu walicheka. Kulikuwa na mtu anagonga sufuria kwa mwiko, na kitu kizito kilikuwa kinadondoka ndani ya ndoo, polepole, kama hakina haraka ya kufika chini. Mizani ilikuwa imeandika pembeni: chuki kali. Chini yake ikaongeza: kicheko, sababu haijulikani. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Sauti ambayo mashine imeielewa nusu huletwa mezani kwangu, niisikilize mpaka mwisho, nibonyeze nilichosikia.

Marehemu mwenyewe hakuwahi kuishi. Bi Mwamvua ni mtu wa runingani, kwenye mchezo wa Wakulima wa Barafu, ule wa familia zilizohamia mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, wanayeyusha barafu na kulima mtama ndani ya nyumba za vioo. Kama uliutazama huo mchezo basi ulimwona mgongo tu. Alikuwa fundi wa pampu. Pampu ikigoma wanamwita, anainama, anagonga gonga, maji yanatoka, anasema "Imeshika," anaondoka. Neno hilo moja, misimu yote.

Halafu wenye mchezo wakamwomba Mzee Mwinshehe wa Maneromango awaandikie riwaya ya mchezo huo, na yule mzee akawaacha mashujaa wote waliozoeleka, akamfuata fundi. Akampa mguu mmoja mfupi. Akampa tabia ya kuongea na pampu kama mtu anayembembeleza mbuzi mkaidi, na hamu ya tui la nazi mahali ambapo hakuna mnazi hata wa kuchora. Akampa namna yake mwenyewe ya kucheka. Mimi nilikisikiliza kitabu kile nikiwa nafua, na nikajikuta nimesimama na nguo mkononi, maji yananichuruzika.

Sura ya kumi na moja Bi Mwamvua anakufa. Anatoka nje kwenye baridi kuifungua pampu kuu iliyoganda, anaifungua, harudi. Wanamzika kwenye barafu, kimya, kila mtu amesimama mbali ndani ya vazi lake la hewa.

Vitabu vya siku hizi vinasikia. Unasoma au unasomewa, sura ikiisha kitabu kinanyamaza kidogo, nawe unasema lolote ulilonalo moyoni. Sauti yako inakwenda kwenye Mizani. Mizani inapima kama umependa, umekasirika, umehuzunika au umechoka, na kila Ijumaa adhuhuri inajumlisha. Upande ukielemea sana, kitabu kinajiandika upya, na si kwako tu. Kinabadilika kwenye kila nyumba, hata kwa aliyekinunua zamani na kukiweka kabatini. Na mhusika akichukiwa kupita mstari, anafutwa tangu ukurasa wa kwanza. Pampu zake zote zinatengenezwa na mtu mwingine, na hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuwepo.

Bi Mwamvua alikuwa amekaribia mstari.

Nikasikiliza sauti ya pili, ya tatu, nikaendelea. Nyingi zilitoka pande za Sikonge na Urambo, ambako kitabu kinasomwa kwa sauti kwenye mabanda ya kukamua asali, kwa sababu mikono yote imelowa na hakuna wa kufunua ukurasa. Kile kilichokuwa kinadondoka ni asali. Mwanaume mmoja aliiga mwendo wa Bi Mwamvua kwa kupiga miguu sakafuni, mmoja mzito, mmoja mwepesi, wenzake wakafa kwa kicheko. Msichana akasema kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko hiyo barafu, ndiyo maana hakikupasuka. Na mwanamke yule wa kwanza akarudi tena, akasema kaburi lisifukiwe mpaka waletewe jogoo.

Aliposema jogoo, nikavua vipokea sauti, nikaviweka mezani.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge aliyeletwa hapa Morogoro na kazi ya reli. Alipofariki nilikuwa mtoto, sikula chochote kwa muda mrefu hata watu wakaanza kunong'ona. Ndipo Mama Kidawa, jirani yetu Mzaramo, akatokea chumbani amevaa koti la baba na kofia ya baba, anakohoa kama baba, akapita katikati ya wafiwa akiuliza chai yake iko wapi na nani kaigusa redio yake. Huko makaburini mume wake akashuka shimoni, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kuku, maana Mnyamwezi huyu kamsumbua kwa kikohozi chake maisha yote. Mjomba akampa kuku. Akatoka, akajipangusa udongo, akawa wa kwanza kushika koleo. Nilicheka siku ile. Nilipocheka ndipo nikalia, na nilipolia ndipo nikaweza kula.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi wa kubeba mizigo mpaka pwani. Na Bi Mwamvua, Mzee Mwinshehe alimwandika Mzaramo.

Wale watu wa asali hawakuwa wanamchukia. Walikuwa wamekuja msibani.

*

Msimamizi wetu ni Dada Evodia, Mhaya wa sauti ya chini, ambaye siku zote anasema yeye hatazami michezo ya runinga. Nilimweleza yote, na koti la baba nikalieleza. Alinisikiliza bila kugusa kikombe chake. Akaniuliza sauti za namna hiyo ni ngapi, nikamwambia ndizo zinazoelemea, zikigeuzwa Bi Mwamvua amepona.

"Nakuamini, Kalunde," alisema. "Lakini siku tukianza kuandika walichomaanisha badala ya walichosema, kitabu kitakuwa chetu, si chao."

Hilo ni kweli. Kulikuwa na nyumba nyingine ya vitabu ambako wasikilizaji kama mimi walikuwa wakigeuza alama ili kuwafurahisha waandishi rafiki zao, na wasomaji walipogundua walivizima vitabu vyao, wakavirudisha kwa magunia. Nikifikiri vizuri, hata mimi nisingependa mtu nisiyemjua akae mjini aamue kwamba nikisema sitaki, maana yake nataka.

Dada Evodia akanifungulia njia moja. Kanuni inaruhusu kumpigia msomaji na kumuuliza. Akisema kwa kinywa chake kwamba hakutaka mhusika afutwe, alama inageuzwa papo hapo. Jambo lisiloruhusiwa ni kumpelekea mwandishi sauti za wasomaji. Mwandishi anapewa muhtasari tu, maneno mawili matatu yaliyopoozwa, maana zamani kuna waandishi waliougua kwa kusikia matusi, na kuna mmoja aliyemfuata msomaji mpaka mlangoni kwake.

Nikapiga simu Sikonge. Mwanamke yule anaitwa Bi Nyanzala, ndiye mkuu wa banda. Nilimwamkia kwa Kinyamwezi, akafurahi, akaniuliza mimi wa ukoo gani, akamjua babu yangu, akanisimulia ng'ombe aliyewahi kumkimbiza. Nikaona kazi imekwisha. Nikamuuliza ile ya kanuni, neno kwa neno: je, anataka Bi Mwamvua aondolewe kitabuni?

"Nataka," alisema. "Na aliyemwandika aondolewe naye. Kitabu kibaki na pampu tu, ndiyo yenye akili."

Banda zima likacheka. Simu yangu ilikuwa inarekodi, Mizani inasikiliza, na nikaona alama ya chuki ikipanda mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimekwenda kumtetea Bi Mwamvua, nikamwongezea mzigo.

Nikamweleza vizuri, mashine ni nini, mstari ni nini, kwamba Ijumaa haiko mbali. Nikamwambia wakimfuta hatutamsikia tena. Kicheko kikaisha. Nikasikia asali ikidondoka. Halafu akaongea karibu sana na simu, kwa sauti nyingine.

"Binti, unataka nimlilie Mzaramo mbele ya watu? Wewe umelelewa wapi? Mtani haombi radhi, na hajielezi. Hicho kitabu kimefanya msiba mzima hakuna mtani hata mmoja. Watu wamesimama kama nguzo. Tulipoona hivyo tukaona tuje wenyewe. Sasa wewe ni Mnyamwezi mwenzangu, huwezi kunijibu. Huyo aliyemwandika si Mzaramo? Mpelekee maneno yangu. Anijibu yeye."

Nikamuuliza kama ananiruhusu nimpelekee sauti yake hasa, si muhtasari. Akasema nimpelekee yote, na jogoo asimsahau.

Msomaji ameruhusu, kanuni imekataza. Nilikaa na jambo hilo mpaka wenzangu wakaanza kufunga madirisha. Upande mmoja kulikuwa na kazi yangu, nami mwenye elimu ya darasa la saba kazi ya kukaa kivulini na kusikiliza watu sikuipata kirahisi. Hilo lilinitisha, lakini si ndilo lililonisumbua zaidi. Lililonisumbua ni yule mzee. Nilikuwa sijawahi kumwona. Huenda utani aliuacha zamani. Huenda ningempelekea matusi tu mtu ambaye tayari ameumia, halafu niseme nilikuwa na nia njema.

Nikamwomba Dada Evodia ruhusa ya kwenda kliniki kesho yake. Akaniangalia, akanipa.

*

Maneromango ilinipokea kwa mvua nyepesi. Mzee Mwinshehe alikuwa barazani kwake, mwembamba, kanzu imemzidi. Kitabu chake mwenyewe kilikuwa juu ya kigoda, kimelazwa kifudifudi na kufunikwa kipande cha kanga, jinsi watu wanavyofunika kioo nyumba ikiwa na msiba. Nilijitambulisha natoka nyumba ya vitabu. Akanikaribisha, akaita niletewe chai, akasema sikuwa na haja ya kuja mpaka huku, muhtasari ameshaupata.

Alinionyesha. Ulikuwa mstari mmoja: wasomaji wengi wanamchukia mhusika huyu, anatarajiwa kufutwa Ijumaa.

Alisema hana ugomvi na wasomaji. Kitabu ni chao. Ila kuna jambo alitaka mtu mmoja wa kule mjini alijue, basi, hata kama halitabadilisha kitu. Bi Mwamvua ni Chausiku, dada yake. Mguu ni wa Chausiku, mbuzi mkaidi ni maneno ya Chausiku, na pampu zote za maji za vijiji hivi Chausiku ndiye aliyekuwa anazifufua, na ndiye aliyemlea yeye baada ya mama yao. Alikufa mwaka ule wa maradhi makubwa. Waliomzika walikuwa watu wa afya, wamevaa nguo nyeupe mpaka usoni. Ndugu waliambiwa wasimame nyuma ya kamba.

"Hakuna aliyesema neno," alisema. "Ndiyo msiba ninaoujua mimi. Nikauandika hivyo hivyo. Wasiompenda nawaelewa, lakini mwanangu, nilishamzika mara moja."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nikamwambia nimemletea sauti, kwamba ni kosa kwangu kumletea, na kwamba akinyanyua mkono tu nitaizima. Nikaweka simu juu ya mkeka.

Bi Nyanzala akaanza. Amekufa, afadhali. Mzee aliinamisha kichwa. Kwenye bata aliyemeza jiwe nikaona mabega yake yanatikisika, nikanyoosha kidole kuizima, akanizuia kwa kiganja. Ikaja miguu ya yule mwanaume, mmoja mzito, mmoja mwepesi. Ikaja ya kichwa kigumu. Ikaja ya jogoo. Iliyofuata ilikuwa ile ya simu, kwamba msiba hauna mtani, tukaona tuje wenyewe. Mzee alikuwa amejifunika uso kwa kanzu.

Mvua ilinyesha kidogo. Alipojifunua macho yalikuwa mekundu, na mdomo ulikuwa unajizuia.

"Huyu ni wa wapi?"

"Sikonge, mzee."

"Mnyamwezi."

"Mnyamwezi. Hata mimi."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Hata wewe. Na mimi nimeshakupa chai yangu."

Nikacheka mpaka chai ikamwagika, naye akasema ndiyo hiyo sasa, Wanyamwezi hawawezi kushika kitu kisicho mzigo. Akaniambia nirekodi. Akakaa wima, akalainisha koo, na sauti iliyotoka haikuwa ya yule mtu aliyenipokea.

"Wewe mama wa asali, nakusalimia shingo upande. Dada yangu alitembea vile kwa sababu njiani mlikuwa mmejaa nyinyi, alikuwa anatafuta pa kukanyaga. Kwenda kwenye barafu mlikwendaje kama si yeye aliyewachotea maji? Mnasema hamchimbi. Kazi yenu tangu zamani kubeba, basi mbebeni. Jogoo utampata. Na umle na manyoya."

Nikadhani amemaliza, nikataka kuizima. Akaongeza, taratibu, "Asanteni kwa kuja."

Halafu akakifunua kitabu kile cha kwenye kigoda, akakigeuza, akaanza kukisimulia sura ya kumi na moja upya, nacho kikiandika. Mwandishi ana haki ya kuongeza, kufuta tu ndiko asikoruhusiwa peke yake. Watu wamesimama mbali ndani ya mavazi yao ya hewa, kama mwanzo. Lakini safari hii mkata barafu mmoja, Mihayo, kijana wa Urambo, anavuka mstari, anaburuta mguu kama Bi Mwamvua, anaigonga hewa kama anagonga pampu. Anashuka kaburini, anajilaza kwenye barafu, anasema hatoki. Huyu mama alinigombeza miaka yote, anasema, sasa namwekea kitanda chake joto, nilipwe. Kwenye makazi yale yote kuna jogoo mmoja tu, aliyekuja kutoka duniani akiwa yai. Wanamtafuta, wanamtia ndani ya kopo la hewa, wanamleta.

Nilimwacha mzee akibishana na kitabu kuhusu rangi ya jogoo.

*

Ijumaa Dada Evodia aliniuliza kama kliniki ya Maneromango ina madaktari wazuri. Nikasema wazuri. Akasema kanuni ni kanuni, kuanzia Jumatatu nitahamia vitabu vya mapishi, nikasikilize watu wanaogombana kuhusu pilau. Sikubisha. Ilikuwa haki, na pilau naipenda. Kisha akavuta kiti, akakaa kando yangu, akasema tusubiri pamoja, lakini yeye hana haja ya kujua, ni kazi tu.

Nilikuwa nimelituma Sikonge jibu la mzee, na sura mpya ilikuwa imeshawafikia. Alama ya chuki ilikuwa pale pale, imekaa juu ya mstari kama kunguru. Adhuhuri ilikuwa inakaribia na hakuna sauti. Nikawaza labda hawakukamua leo. Labda kitabu kimezima. Dada Evodia alikuwa anakunja na kukunjua pindo la mtandio wake.

Ndipo ikaingia. Kwanza kimya cha banda, na asali.

"Jogoo tumemwona," alisema Bi Nyanzala. "Mwembamba. Mzaramo hana haya, kumleta jogoo wa namna ile mbele za watu. Lakini tumepokea."

Akavuta pumzi.

"Haya, Mihayo, toka humo, mpishe mama alale. Msimfute. Nasema mbele ya hiyo mashine, na wenzangu hawa wanasema: asifutwe. Abaki palepale alipolala."

Wengine wakaitikia, mmoja mmoja, abaki, abaki, na yule mwanaume wa miguu, na msichana wa kichwa kigumu. Kila neno lilipoingia alama ilishuka. Halafu mtu mmoja kule nyuma akaanza kulia, kilio cha wazi cha msibani, na mwingine akampokea, na Bi Nyanzala mwenyewe nikamsikia akipenga kamasi. Mtani akishatoka kaburini ndipo watu wanapolia.

Mizani ikaandika pembeni: huzuni. Safari hii haikuongeza chochote chini yake.

Adhuhuri ilipita. Nilifungua kitabu changu, nikapekua haraka mpaka mwanzo, kwenye ukurasa ule ambako pampu imegoma na watoto wana kiu. Bi Mwamvua alikuwepo. Alikuwa anakuja na mguu wake, anamsuta mtu njiani.

Dada Evodia, ambaye hatazami michezo ya runinga, aliegemea kiti akasema kwa sauti ya chini kabisa, bila kunitazama, "Imeshika."